Moto Aliowashiwa Mwanangu

Sisi huku habari mbaya hatuambiwi usoni. Utaambiwa "nenda nyumbani kwanza," basi. Ukiuliza kuna nini, anayekuambia anatazama pembeni kana kwamba ukutani kumeandikwa kitu. Mimi mwenyewe nimeshawaambia watu hivyo hivyo, kwa hiyo siku niliyoambiwa mimi sikuhitaji tafsiri.

Nilikuwa zamu ya asubuhi kiwandani Nyakato, chumba cha minofu, kazi yangu kuchuna ngozi ya sangara. Simu zetu hubaki kwenye makabati huko nje, hata dunia ikiungua utaijua wakati wa chai. Msimamizi wetu akaja nyuma yangu, akanigusa bega, akasema kwa sauti laini, "Mama, vua aproni, nenda nyumbani kwanza." Hiyo sauti laini ndiyo iliyonitisha. Yule mtu tangu nimjue anasema kwa kufoka, hata akikupa pole ya mafua anafoka.

"Kuna nini?"

"Hapana, mama. Wewe nenda tu."

"Kaka, mimi si mtoto. Sema."

Akageuka akaanza kukagua samaki ambao alishawakagua. Nikatoka mbio, simu nikainyakua kabatini bila hata kuitazama. Nilipanda bodaboda na gambuti zangu nyeupe za kiwandani, ninanuka samaki mtupu, na njia nzima nilikuwa ninawapitia watu wangu mmoja mmoja kichwani. Mume wangu ana presha. Mama yangu kule Magu ameshakuwa mzee. Mwanangu sikumgusa kabisa katika mawazo yale. Yeye alikuwa kijana, mzima, tena jeshini, anafundishwa kurusha ndege. Nilimwona kama mtu aliyewekwa mahali salama.

Nyumba yetu ipo Ilemela, juu kwenye mawe, pikipiki inakuacha chini unamalizia kwa miguu. Nilipofika nusu ya mlima nikaona moshi unapanda kutoka uani kwetu. Moshi wa mkaa naujua, na moshi wa magogo naujua. Huu ulikuwa wa magogo.

Hapa inabidi nieleze. Mimi ni Msukuma, lakini nimeolewa na mtu wa Mara, wale wa kandokando ya ziwa. Kwao mtu akifa, kabla ya turubai, kabla ya viti, kabla hata ya kulia vizuri, unawashwa moto uani. Magogo makubwa. Wanaume wanakaa pale na kulala pale mpaka marehemu azikwe, hata kama atazikwa mbali. Moto ule haupikiwi hata chai. Na hauzimwi kwa maji, unaachwa ufe wenyewe. Nimekaa nao miaka mingi, nimeshaona mioto hiyo ya kutosha, ila haikuwahi kuwaka mlangoni kwangu.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyenipokea. Anakaa mtaa wa chini yetu na msiba wowote wa ukoo yeye ndiye jemadari. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni, macho mekundu. Akanikumbatia na gambuti zangu.

"Wifi yangu, wifi yangu. Kijana wetu ametuacha."

Nikamsukuma. Ndiyo, nilimsukuma, na si kidogo. "Nani kakwambia?"

Ikawa hivi. Asubuhi ile redio ilitangaza kwamba ndege mbili za mafunzo ya jeshi zimegongana angani, na kwamba wapo waliofariki. Majina hawakutaja. Haukupita muda, kwenye grupu la ukoo ikaingia picha ya mwanangu amesimama mbele ya ndege na ovaroli lake, juu yake mtu kaweka mshumaa na maneno ya kumpumzisha kwa amani. Nani aliyeileta mwanzo, hakuna aliyejua. Ila chini yake ukoo mzima ulikuwa umeshaandika pole, kutoka Musoma hadi Bukoba, na binamu mmoja alikuwa ameshauliza sare ya vitambaa itakuwa rangi gani.

"Jeshi limesema?" nikauliza.

"Jeshi bado. Lakini grupu..."

"Grupu lina ndege?"

Mume wangu alikuwa amekaa juu ya jiwe, simu mkononi. Yeye ni fundi wa mashine za boti, mtu wa maneno machache, na siku ile hata hayo machache yalikuwa yameisha. Akaniambia amepiga simu ya mtoto, haipatikani. Amepiga kambini, wamemwambia asubiri taarifa.

Wanawake walikuwa wameshatandika mkeka ndani, wamekaa, wananisubiri. Mama mtu ndiye anayefungua kilio. Nikiangua mimi, nyumba nzima inaangua. Nikasimama mlangoni na gambuti zangu nikawaambia, "Mimi silii. Waliomchukua mwanangu wananijua ninakaa wapi. Waje wao waniambie, ndiyo nitalia."

"Unaleta uzungu kwenye msiba," wifi akasema.

"Na wewe umeleta msiba kwenye nyumba."

Watu wakatazama chini. Mama mmoja jirani akanivuta mkono, "Kaa chini mwenzangu, usije ukaanguka." Nikakataa. Sitadanganya kwamba nilikuwa na imani. Sikuwa na imani hata chembe. Ndani yangu nilikuwa nimeshamzika, nimeshachagua na suti. Ila nilihisi kwamba nikikaa tu kwenye ule mkeka, nimesaini. Kwa hiyo nikasimama. Nikasimama mpaka magoti yakaanza kuuma, ninamtukana kila anayeniletea kiti.

Simu yangu ikalia. Namba ngeni. Nikaipokea kwa hasira, nikijua ni mtu mwingine wa pole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikajibu, kwa mazoea tu, kama ninavyomjibu mtoto yeyote. Halafu neno likanirudi. Ile shikamoo naijua. Nimeifundisha mimi, nimeipigania mimi, ina uvivu wake wa kuburuta mwisho.

"Baba? Ni wewe?"

"Ni mimi mama. Nimeazima simu ya nesi. Nimevunjika mfupa wa bega, lakini mzima."

Nilichofanya baadaye nimesimuliwa. Wanasema nilipiga kigelegele kilichosikika mpaka uwanja wa ndege. Wanasema nilicheza na gambuti zile mpaka nikamkanyaga mchungaji wetu aliyekuja kufariji. Mume wangu akainuka kwenye jiwe lake akaniomba simu, alipoisikia ile sauti akakaa tena, analia na kucheka pamoja, na mtu yule sijawahi kumwona analia hata kwa baba yake. Wanawake wakatoka kwenye mkeka. Vigelegele vikapigwa msibani, pembeni ya moto wa msiba, na waliokuwa wanapanda mlima na nyuso za huzuni wakasimama njiani, hawajui waendelee au warudi. Nilifurahi. Nilifurahi kwa mwili mzima, sikuwaza mtu mwingine yeyote duniani, na nasema wazi kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na raha yake pia.

Nikairudia simu. "Baba, Mungu mkubwa! Sasa utakuja lini?"

Akasema, "Mama, mwenzangu amekufa."

"Mwenzako yupi?"

"Wa Nyasa."

Basi hapo ndipo nilipokaa kwenye ule mkeka niliokuwa ninaukataa. Nilikaa bila kuambiwa na mtu. Nikaomba simu yenye ile picha, nikaitazama upya, nikaona kitu ambacho siku nzima hakuna mtu wa nyumba ile aliyekiona. Kwenye picha walikuwa wawili. Wamesimama bega kwa bega, wamevaa sawa, mwanangu anacheka na mwenzake ametabasamu kwa mbali. Aliyeiweka mwanzo, huko kwao vijana, alikuwa anamlilia huyo wa pili. Lakini ilipoingia kwetu kila jicho lilienda kwa wa kwetu. Mimi mama yake nilienda kwa wa kwangu, na yule mtoto nilikuwa ninamjua.

Alikuja kwetu likizo ya Krismasi. Kwao ni ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa hiyo badala ya kushangaa ziwa letu kama wageni wengine, akalitazama, akasema kwa adabu, "Mama, ni kubwa, lakini la kwetu maji yake unaona mpaka miguu." Nikamwambia ziwa la kuona miguu ni la kuogea, hili letu ni la kazi. Tukabishana hivyo likizo nzima. Mama yake alikuwa amemfungia mfuko wa usipa, dagaa wao wa Nyasa, nikamrudishia mfuko wa dagaa wetu. Baada ya wiki mama huyo akanipigia kushukuru. Hatujawahi kuonana. Akaniambia, "Dada, dagaa wako watamu, ila mmewaanika na mchanga wote wa Mwanza." Tulicheka mpaka salio likaisha.

Huyo ndiye niliyemlilia. Nikaangua, na kweli nyumba nzima ikaangua.

Tulipotulia, nje kukazuka ugomvi. Baba mdogo mmoja alikuwa ameshika ndoo ya maji anataka kuzima moto, maana aliyewashiwa yu hai. Wifi amemzuia, amesimama mbele ya magogo amenyoosha mikono kama golikipa.

"Thubutu! Ukiuzima huu bila aliyekufa, utamrudia mwenyewe. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja!"

Mume wangu akanitazama. Mchungaji naye akanitazama, anasugua mguu wake. Mimi mila za kwao huwa ninazifuata nusunusu, na nyingine ninazicheka. Siku ile sikucheka. Nilisema, "Ndoo rudisha ndani. Moto huu una mwenyewe. Kijana wa watu alikula kwenye nyumba hii, alilala kwenye nyumba hii. Kwao ni mbali, na sisi hatujui kwao wanaliaje. Tutamlilia kwa namna tunayoijua."

Wifi akashusha mikono. "Hapo umesema, wifi." Akaenda kuongeza gogo.

Hivyo msiba wa mwanangu ukawa wa mwenzake. Turubai lililokuwa limeshafungwa halikushushwa. Wali ukapikwa, jikoni, si kwenye moto ule. Waliokuwa wamekuja kumlilia mmoja wakamlilia mwingine, na katikati ya kulia mtu ananigeukia ananipa hongera, ananikumbatia, kisha anakumbuka anarudi kulia. Nilipokea pole na hongera kwa mkono uleule. Mume wangu hakukaa mpaka mwisho. Alifunga begi, akampitia mtoto hospitalini, akasafiri kwenda Nyasa kuzika, kwa niaba yetu na ya mtoto, ambaye hospitali haikumruhusu. Wanaume wengine wakabaki kuulinda moto mpaka simu ya mume wangu ilipotuambia kwamba kijana ameshawekwa kaburini. Hapo wakaacha kuongeza magogo, nao ukafa wenyewe.

Yakabaki majivu. Nilipochukua ufagio, wifi akanikemea. "Majivu anaruhusu mwenye msiba. Wewe si mwenye msiba." Nikamuuliza mwenye msiba yupo Nyasa, sasa tumlete Ilemela kwa ajili ya majivu? Akasema hilo yeye halijui. Basi nikawa ninatoka kwenda kazini ninayazunguka, ninarudi ninayazunguka, na kuku wangu wameyageuza bafu.

Mwanangu aliporudi, mkono umefungwa shingoni, shangazi yake alimsubiri chini ya mlima na unga kwenye bakuli. Mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii kwa mlango wa mbele, alisema, nami nikasema sawa, mradi anaingia. Akampaka unga kwenye paji la uso, akamzungusha nyuma ya nyumba, wapitie jikoni. Nilijiandaa kumcheka mwanajeshi mzima aliyepakwa unga. Lakini alipofika uani akasimama.

"Haya majivu ya nani?"

"Yalikuwa yako," nikamwambia. "Tukampa mwenzako."

Akaingia, akakaa kwenye kiti cha pembeni, na ni kama hakuinuka tena.

Nilimpata mwanangu, na sikumpata. Nampikia sato, anamtazama tu. Nampikia ndizi, anageuza na kijiko. Ndege ikipita kwenda kutua uwanjani, na kwetu zinapita chini mpaka unaona magurudumu, anaingia ndani anafunga mlango. Alikonda mbele ya macho yangu. Nikaanza kuogopa kwamba wifi alisema kweli, moto ulikuwa na njaa ya mtu wake. Nikamgombeza, nikambembeleza, nikamwombea. Wapi!

Siku moja, baba yake akiwa kazini, ndiyo akanisimulia. Walikuwa wanaruka ndege mbili sambamba, kila mwanafunzi na mwalimu wake. Wakageuka. Alimwona mwenzake anaingia chini ya bawa lake, kisha hakumwona, kisha wakasikia kishindo. Mwalimu wake akashika uongozi, akaishusha ndege shambani kwenye mahindi, ikavunjika, wakatoka hai. Ile ya chini haikushuka, ilianguka. Mwenzake na mwalimu wake wote wakafa.

"Wanachunguza," akasema. "Mwalimu wangu anasema si kosa langu. Lakini mama, mimi ndiye niliyekuwa juu yake."

"Sasa ndiyo usile?"

"Mama yake amenipigia. Nimeona namba. Nitamwambia nini? Sikupokea."

Mimi nina mdomo, kila mtu anajua. Siku ile nilichukua sahani yake iliyopoa nikarudi jikoni.

Jumamosi, mchana, simu ikalia, yangu. Alikuwa yeye, mama wa Nyasa. Sauti imekauka, si ile ya mchanga wa Mwanza. Tukapeana pole. Akasema mume wangu alimweleza habari za moto, kwamba watu wasiomjua mtoto wake walikesha kwa ajili yake. Alishukuru mara nyingi mpaka nikaona aibu. Nilitaka kumuuliza habari ya majivu, akaniwahi.

"Dada, kijana yupo?"

Mwanangu alikuwa pale pale kwenye kiti chake. Akanitikisia kichwa, akanikunjia mkono mmoja ulio mzima, ananiomba. Nikamtazama mifupa ya shingo. Nikaibonyeza simu isikike kwa wote, nikaiweka mezani mbele yake.

"Yupo hapa. Anakusikia."

Nilijua atafanya nini, maana nimemlea. Mtu mzima yupo kwenye simu, yeye hawezi kunyamaza.

"Shikamoo mama," akasema, kwa shida.

"Marahaba, baba." Tukamsikia anavuta pumzi kule kwao. Nikajua sasa anauliza. Sasa anamuuliza ilikuwaje.

"Umekula?" akasema.

Mwanangu akanigeukia mimi.

"Nakuuliza umekula?"

"Bado, mama."

"Mama yako anakupikia?"

"Ananipikia."

"Mwenzako alikuwa anasema huko kwenu anashiba mpaka anashindwa kufunga mkanda. Dagaa wa mchanga alikuwa anawamaliza. Sasa wewe unamwachia nani?"

"Mama," akasema, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni, "mimi ndiye niliyekuwa juu yake."

"Najua. Baba yako aliniambia siku ya mazishi, kabla hajakaa hata chini. Ndiyo maana nakupigia, na hupokei. Mimi nimebaki bila mtoto. Sitaki na dada yangu huyo abaki bila mtoto na wewe umekaa hapo. Unanisikia?"

"Ndiyo mama."

"Nenda kale. Ukishiba, yazoe hayo majivu kwa mkono wako, baba yako ameniambia kwa simu yananisubiri mimi. Yapeleke ziwani. Hilo hilo la kwenu, ingawa maji yake hata miguu hayaonyeshi."

Mwanangu akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kimejaa makamasi, na sijasikia kitu kizuri kama kile tangu ile shikamoo ya hospitalini. Nikakimbia jikoni kabla hajabadilisha mawazo.

Alikula ugali na dagaa. Alikula akilia, mimi nimesimama mlangoni nimeshika mwiko, sithubutu hata kukohoa. Akamaliza, akanawa, akachukua karai na beleshi. Wifi alikuja akatukuta uani, mwanangu anazoa kwa mkono mmoja, mimi namshikia karai. Akataka kusema kitu, nikamkata jicho, akaanza kuwafukuza kuku.

Tulishuka naye mpaka ufukweni, tumelishika karai huku na huku. Akayamwaga taratibu, yakaelea kidogo, yakazama. Ndege ikapita juu yetu kwenda kutua. Nikamtazama. Hakuinua macho, lakini hakuondoka pia, alikuwa anaosha karai.

Tukiwa tunapanda mlima, akaniuliza kama dagaa wamebaki.